Kishindo cha Ekseli ya Nyuma: Kukisaka na Kukiondoa Ukiwa Kiambi

Gari likianza kugonga nyuma, wa kwanza kushtakiwa ni difu. Dereva anasikia "ko!" akiachia klachi, abiria waliokaa juu ya magunia wanasikia "ko!" gari likiingia shimoni, na injini haijazimwa bado tayari kuna mtu amekata shauri: difu imekwisha, itafutwe nyingine Kalemie. Mara nyingi difu inasingiziwa. Difu ya Land Cruiser au ya Hilux yenye mafuta safi huvumilia mengi, na ikichoka kwa kawaida huanza kwa kuvuma kabla haijafika kwenye kugonga. Vinavyogonga ni majirani zake: boliti za springi, bushi, krosi za propela, nati za magurudumu, hata tairi la akiba lililolegea kwenye mnyororo wake.

Kwa mtu aliyeko Kiambi, kukosea hapo ni pesa na ni siku. Mji uko kando ya Mto Luvua, ule unaotoka Ziwa Mweru pale Pweto na kwenda kukutana na Lualaba huko Ankoro. Vipuri vya maana hutoka mbali: vingine huvuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma hadi bandari ya Kalemie, vingine hupanda kutoka Lubumbashi, kisha vinasubiri gari au pikipiki ya kuvileta, na mvua zikiwa zimeshika barabara vinasubiri zaidi. Anayeagiza difu kumbe ubovu ni bushi, atalipa difu, atalipa usafiri, na gari litaendelea kugonga. Ndiyo maana nimeupanga mwongozo huu kuanzia kile unachoweza kukithibitisha kwa mkono na mtaimbo, hadi kile kinachohitaji kufunguliwa. Difu ni ya mwisho kabisa.

Ninazungumzia zaidi Toyota Land Cruiser za jamii ya 70 na Hilux zenye springi za majani, maana ndizo zinazobeba watu, mahindi, mawese na samaki katika jimbo hili la Tanganyika. Mwenye Prado ya springi za mviringo atapata neno lake humo ndani. Kuhusu majina ya vipuri, muuzaji wako anaweza kuwa wa ng'ambo hii ya ziwa au ile, kwa hiyo uyajue yote: propela huitwa pia kardani, jeki ni kriki, beringi ni rulma, shokapu ni amortisa, na jani la springi ni lamu.

Hatua ya 1: Jua kinagonga lini

Usishike spana kwanza. Endesha. Tafuta kipande cha barabara kigumu kisicho na watu, shusha mzigo wote, ondoa kila kinachoweza kupiga kelele chenyewe: madumu, sepetu, mnyororo, jeki iliyotupwa nyuma ya kiti. Fungua madirisha. Mtu mwenye masikio mazuri akae nyuma, ajishike vizuri, na gari liende mwendo wa mtu anayetembea.

"Papa shofele, inagonga ukikanyaga mafuta, ao ukiingia mu shimo?"

"Inagonga yote, fundi."

"Yote haiwezekani, papa. Twende polepole. Mimi nitakaa nyuma, wewe fanya tu ile nitakuambia."

Fundi huyo ana haki ya kubisha, kwa sababu kila ubovu una saa yake. Kishindo kimoja kizito kila unapoachia klachi, au unapokanyaga mafuta kisha ukayaachia ghafla, kinatoka kwenye njia ya nguvu: krosi, meno ya propela inayoteleza, nati za flenji, na mwisho kabisa difu. Kishindo cha mashimo na matuta ni cha springi, sheko, shokapu au kitu kinachoning'inia. Rudia shimo lile lile gari likiwa nyutro. Kikigonga vile vile, propela haihusiki. Kikija ukikanyaga breki, shuku kwamba ekseli nzima inasogea mbele na nyuma juu ya springi zake, au viatu vya breki vimelegea ndani ya dramu. Kikija kwenye kona tu, sikiliza beringi za magurudumu na gia ndogo zilizo ndani ya difu.

Umebaki ule mdundo unaokwenda na mwendo wa gari: ko, ko, ko, ukiongeza kasi nao unaongeza. Kwa huo kuna kipimo kisichogharimu kitu. Chora mstari wa chaki ubavuni mwa tairi, weka nyutro, na vijana wawili watatu walisukume gari taratibu mahali pa tambarare huku wewe ukitembea sambamba na gurudumu. Ukisikia mara moja kwa kila mzunguko wa chaki, tatizo liko kwenye kitu kinachozunguka pamoja na gurudumu: nati, habu, dramu, jiwe lililokwama kwenye tairi, au jino lililovunjika la gia kubwa ya difu. Ukisikia karibu mara nne kwa mzunguko mmoja, ni propela au pinioni, kwa sababu kwenye magari haya propela huzunguka takriban mara nne gurudumu linapozunguka mara moja.

Kabla hujatoka kwenye kiti, tazama fimbo ya fowili. Land Cruiser za jamii hii na Hilux nyingi hazina difu ya katikati, ile ambayo ingeruhusu ekseli ya mbele na ya nyuma kwenda mwendo tofauti kwenye kona. Kwenye tope magurudumu huteleza na tofauti hiyo inaisha yenyewe. Kwenye udongo mwekundu uliokauka na kushikana, hayatelezi. Shafti zinajisokota hadi kitu kiachie kwa kishindo cha kutisha. Dereva aliyetoka kwenye tope akasahau kurudisha fimbo ataapa kwamba difu imepasuka. Rudisha magurudumu mawili, fungua kufuli za habu za mbele, rudi nyuma mita chache, halafu sikiliza upya.

Hatua ya 2: Jihakikishie usalama kabla ya kuingia chini

Magurudumu ya nyuma yakishanyanyuliwa, breki ya mkono inayoshika magurudumu hayo hayo haina kazi tena. Gia nayo haina kazi, maana inazuia propela ya magurudumu yaliyoko hewani. Gari linabaki limeshikwa na magurudumu ya mbele peke yake, kwa hiyo yakingie mawe makubwa au magogo mbele na nyuma, kulia na kushoto.

Chini ya jeki weka kipande kipana cha ubao mgumu, la sivyo itazama kwenye mchanga. Jeki ni ya kunyanyulia, si ya kushikilia. Ukishanyanyua, panga magogo mafupi ya mti mgumu kwa kupishana chini ya ekseli, ushushe gari likae juu yake, kisha lisukume kwa nguvu kabla hujaingia. Tofali, liwe la kuchoma au la saruji, lisitumike: hubeba vizuri hadi sekunde linapopasuka, na halitoi onyo.

Hatua ya 3 na sehemu kubwa ya hatua ya 4 zinafanyika gari likiwa chini kwa magurudumu yake. Land Cruiser iko juu vya kutosha kupitisha mtu na tochi.

Hatua ya 3: Nati za magurudumu na vinavyoning'inia

Anza na nati za magurudumu, hasa kama pancha ilizibwa njiani hivi karibuni. Nati iliyolegea huacha kutu nyekundu kama unga pembezoni mwa tundu, au chuma kinachong'aa mahali ilipokuwa ikisugua. Kaza kwa kupishana, ya hapa kisha ya mkabala wake. Tundu la rimu likishakuwa na umbo la yai, rimu hiyo haifai tena, hata nati ikazwe vipi.

Kisha tikisa kila kitu kwa mkono: tairi la akiba, ekzosi na vishikio vyake, ngao ya tanki, boliti zinazoshika karoseri kwenye chasi. Karoseri za pikapu zilizoongezwa mbao na vyuma vya kubebea mzigo hulegea sana, na sauti yake hufanana kabisa na ya springi. Piga shokapu mateke upande hadi upande. Bushi yake ikiwa imeliwa utaiona ikicheza kwenye pini. Tazama pia mpira unaozuia ekseli isigonge chasi. Ukiwa umeng'oka, kila shimo kubwa ni chuma kwa chuma.

Hatua ya 4: Springi, na hapa usiwe na haraka

Kama ningelazimishwa kukisia bila kuliona gari, ningetaja springi. Barabara zetu ndizo zinazoziua, na uzito unamalizia.

Chukua brashi ya waya, osha springi zote mbili hadi uone chuma. Tope lililokauka huficha kila kitu. Anza na boliti za U, zile zinazofunga ekseli kwenye springi. Jaribu kila nati kwa spana ndefu. Ikizunguka hata robo kabla ya kukaza, umepata cha kwanza. Halafu tafuta senta boliti, ile inayopita katikati ya majani yote. Kichwa chake hukaa ndani ya tundu lililo kwenye kikalio cha ekseli, na ndicho kinachozuia ekseli isiteleze. Boliti za U zikilegea, kazi yote inamwangukia huyu mdogo, naye hukatika. Hapo ekseli inakuwa huru kusogea mbele upande mmoja ukiondoka na kurudi nyuma ukifunga breki, na kila safari ni kishindo.

Kuna njia ya kuthibitisha bila kufungua. Chukua kamba isiyovutika, pima kutoka katikati ya habu ya nyuma hadi tundu fulani kwenye chasi, upande wa kulia. Peleka kamba ile ile upande wa kushoto, kwenye tundu lile lile. Tofauti ya upana wa kidole inatosha kukuhukumia kesi. Dereva naye huwa ameshaona dalili: usukani hauko sawa kwenye barabara iliyonyooka, na walio nyuma wanasema gari linatembea upande kama kaa.

Sasa majani yenyewe. Nyufa hupenda kuanzia katikati, karibu na tundu la senta boliti, zikifichwa na bamba la boliti za U, au mahali ncha ya jani fupi inapolisugua jani lililo juu yake. Jani likiwa limevunjika, kipande chake kimoja kwa kawaida kimesogea pembeni. Jani kuu, lile lenye macho pande zote mbili, ndilo la hatari: likikatika karibu na jicho, hakuna kinachoshika ekseli upande huo isipokuwa jani la pili, kama limeviringishwa kulikumbatia jicho.

Macho yana bushi, za mpira au za plastiki ngumu. Ingiza mtaimbo kati ya jicho na kishikio chake, sukuma juu, vuta chini. Mpira mzima unavutika na kurudi. Mpira uliokufa unaacha pini igonge chuma, na utausikia ule mlio mfupi mkavu ambao dereva amekuwa akiuiga kwa mdomo wiki nzima. Fanya hivyo pia kwenye sheko, vile vipande viwili vya chuma vinavyoning'iniza ncha ya nyuma ya springi, ambavyo upande wa Kalemie utasikia vikiitwa jimeli. Pini yake ikiwa imelika hadi kuwa na kiuno, kubadilisha bushi peke yake ni kutupa pesa. Pini na bushi vinunuliwe pamoja.

Kwa Prado na jamaa zake, hakuna majani. Ekseli inashikwa na mikono minne ya urefu na fimbo moja ya kukingama, kila moja ikiwa na bushi mbili. Mtaimbo ule ule, sauti ile ile. Anza na fimbo ya kukingama.

Kutengeneza kunakwenda hivi. Chasi ikae juu ya magogo na ekseli ishikwe na jeki ili uzito usiwe juu ya springi. Legeza boliti za U, toa springi, ibane kwenye jiliwa au kwa klampu mbili kabla ya kutoa senta boliti, maana majani yana nguvu ya kuruka na kuvunja mkono. Safisha majani, badilisha lililovunjika, ingiza senta boliti mpya ya chuma kigumu. Boliti ya kawaida iliyookotwa kwenye kopo itakatika tena kabla ya mwezi kuisha. Boliti za U ambazo nyuzi zake zimevutika au zimelika zisirudishwe. Ukirudisha springi, kaza boliti za U kidogo kidogo kwa kupishana, mpaka nyuzi zinazochomoza juu ya nati ziwe na urefu sawa pande zote. Boliti za bushi zishike kwa mkono tu. Zikazwe mwisho gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Ukizikaza springi ikiwa inaning'inia, mpira utakuwa umesokotwa siku zote na utapasuka mapema.

Jambo moja ninalopinga kila ninapoliona: kuchomelea jani lililovunjika kwa umeme. Chuma cha springi kimepewa ugumu wake kwa moto na kupozwa kwa kipimo. Joto la kuchomelea linauondoa pale pale, na jani litakatika kando ya weldi. Afadhali jani zima kutoka gari bovu, likatwe kwa urefu unaotakiwa na kukunjwa na mfua chuma anayejua moto wake.

Ukiwa umekwama porini na jani kuu limekwenda, lifunge na yaliyo chini yake kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, vivutwe kwa nguvu na kuzungushwa mara nyingi. Weka kipande cha mti mgumu kati ya ekseli na chasi, kifungwe kisichomoke. Shusha mzigo, shusha na watu. Hiyo ni ya kukufikisha penye kijiji, si ya kukurudisha barabarani kesho.

Hatua ya 5: Propela na krosi zake

Kama kishindo ni cha klachi na mafuta, gari libaki chini, nyutro, magurudumu yote yakingwe. Lala chini, shika propela kwa mikono miwili, izungushe huku na huku kwa haraka. Tazama kila krosi kwa zamu: upande mmoja ukienda na wa pili ukachelewa hata kidogo, krosi hiyo imekwisha. Isukume pia juu na chini. Krosi nzima haichezi. Unga mwekundu unaotoka kwenye mipira ya vikombe vyake ni vile visindano vya ndani vilivyosagika pamoja na kutu. Gari linalovuka mito mara kwa mara hupoteza krosi kwa njia hii: maji yanaingia, grisi inatoka, na hakuna anayeirudishia.

Kabla ya kununua chochote, paka grisi. Krosi na propela zenye nipo, yaani kitundu cha kupampia grisi, zinahitaji grisi ya lithiamu namba 2. Kwa meno yanayoteleza, yenye molibdeni ni bora ukiipata. (Kiambi iko jirani na Manono, yenye mwamba wa lithiamu unaotajwa dunia nzima, na bado kopo la grisi linafika hapa likiwa limesafiri kuliko fundi anayelifungua.) Kwenye krosi, pampu hadi grisi safi itoke vikombe vyote vinne. Kikombe kimoja kikikataa kutoa, kimeziba au kimekufa. Kwenye sehemu inayoteleza, acha mara propela inapoanza kujisukuma kurefuka. Ukiijaza kupita kiasi itakosa nafasi ya kufupika ekseli inapopanda, na itasukuma beringi na sili.

Kipo kishindo kimoja maarufu cha Land Cruiser ambacho grisi hii peke yake hukimaliza: "du!" moja nzito gari linaposimama kabisa, au sekunde moja baada ya kuondoka. Hayo ni meno makavu ya propela yaliyokwama na kuachia kwa ghafla. Watu wamefungua difu kwa ajili yake.

Krosi ikihitaji kubadilishwa, piga alama ya patasi kwenye flenji zote na kwenye sehemu mbili za propela inayoteleza kabla ya kuitoa. Uma wa mbele na uma wa nyuma wa propela moja lazima vilale kwenye mstari mmoja. Ukirudisha propela imepishana jino, utaondoa mlio na kuleta mtetemo utakaoua krosi mpya. Toa klipu, sukuma vikombe kwa jiliwa na soketi, si kwa kupigapiga nyundo kwenye masikio ya uma. Ukiingiza vipya, hakikisha hakuna kisindano kilicholala. Kimoja kikianguka ndani, kikombe hakitafika mwisho na klipu haitaingia. Nati za flenji nne, kila mwisho wa propela, zikazwe kwa nguvu, na zijaribiwe tena baada ya safari ya kwanza. Wakati mwingine kosa lote lilikuwa nati hizo tu.

Hatua ya 6: Habu na shafti za pembeni

Sasa nyanyua nyuma yote, magogo mahali pake. Shika gurudumu juu na chini, litikise. Shika kushoto na kulia, litikise. Likicheza, mtu mwingine akanyage breki: kucheza kukikoma, ni beringi, kukiendelea, ni springi au kitu kingine nje ya habu. Zungusha gurudumu kwa mkono na uguse springi kwa vidole; beringi mbaya utaisikia kwa ngozi kabla ya sikio.

Land Cruiser nyingi za kazi zina ekseli ambayo uzito wa gari unabebwa na habu, na shafti ya pembeni kazi yake ni kuzungusha tu. Mwisho wake ni flenji iliyofungwa kwa nati zenye washa za umbo la pia. Nati hizo zikilegea, kila ukiondoka flenji inagonga stadi zake, na mafuta ya difu yanaanza kuchora michirizi ukutani mwa rimu. Safisha, badilisha gaskiti, kaza kwa kupishana. Stadi zikishaanza kukatika, usisubiri ya mwisho. Faida ya ekseli hii ni kwamba shafti ikivunjika njiani unaweza kuichomoa, kuziba tundu, kufunga kufuli za mbele na kurudi nyumbani kwa fowili. Kwenye Hilux usijaribu: kule shafti ndiyo inayobeba gurudumu, ukiichomoa gurudumu linaondoka nayo.

Fungua dramu pia. Springi ndogo iliyokatika inayoshika kiatu cha breki huleta mlio ambao umewachosha mafundi wengi.

Hatua ya 7: Difu, kama hakuna kilichobaki

Gari bado liko juu, propela imefunguliwa upande wa nyuma. Shika flenji ya pinioni. Kuzunguka kidogo kabla ya kushika kunaruhusiwa, na kwenye gari la miaka mingi kutakuwa kidogo zaidi. Kucheza juu na chini, au kuingia na kutoka, hakuruhusiwi hata kama unywele. Huko ni beringi za pinioni, na pinioni isiyokaa mahali pake itakula meno ya mwenzake.

Toa mafuta yakiwa ya moto, kwenye beseni safi. Fungua kwanza tundu la kujazia, lililo juu: kumwaga mafuta kisha kukuta tundu la kujazia limeshika kutu ni balaa mbali na gereji. Pitisha sumaku ya spika ya redio mbovu ndani ya mafuta. Uji mwembamba wa kijivu ni uzee wa kawaida. Vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole ni meno au beringi, na safari zisimame. Mafuta meupe yana maji: ekseli ya moto inapoingia mtoni hupoa ghafla, hewa ya ndani inapungua, na kama kipumulio kimeziba kwa tope maji huvutwa kupitia sili. Zibua kipumulio, vuta mpira wake juu ya chasi, badilisha mafuta. Tumia 80W-90 au 85W-90 ya daraja la GL-5, na jaza gari likiwa sawa hadi yaanze kutoka kwenye mdomo wa tundu.

Kama ni gia ndogo za ndani au washa zake, fundi mzoefu anaweza kuzibadilisha hapo hapo. Kupanga upya pinioni na gia kubwa ni kazi nyingine. Nafasi kati ya meno hupimwa kwa saa maalumu, ni chini ya robo ya milimita, na mguso wa meno husomwa kwa rangi. Pasipo vifaa hivyo, itafutwe difu nzima iliyokwisha pangwa, na uwiano wake uwe ule ule wa ekseli ya mbele. Ukitofautiana, siku utakayoweka fowili shafti zitapigana zenyewe.

Unapoagiza

Tuma namba ya chasi yote, si "Land Cruiser ya diseli". Kwa krosi, pima kipenyo cha kikombe na urefu kutoka kikombe hadi kikombe, kwa milimita. Kwa boliti za U: unene wa chuma, upana wa ndani, urefu, na kama mgongo wake ni wa mviringo au wa pembe. Kwa springi: hesabu ya majani, upana, na umbali wa jicho hadi senta boliti kila upande, kwa kuwa pande mbili si lazima zilingane. Piga picha kipuri kikiwa kando ya rula. Kama kuna mtu anayekwenda Kalemie, mpe kipuri chenyewe kwenye mfuko. Muuzaji atakilinganisha kwa macho na ubishi utaisha.

Baada ya kutengeneza, pita shimo lile lile na msikilizaji yule yule. Boliti za U na nati za propela zikazwe tena baada ya kilomita mia moja hivi, kisha kila unaporudi kutoka safari ya mzigo. Na kwenye sanduku la gari ziwepo daima senta boliti mbili, jozi moja ya boliti za U, krosi moja na tyubu kuukuu ya baiskeli.